Mashati Manane Chini ya Roketi

Maulid Kombo alikuwa ameishi Guangzhou, China, miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kusema kwa niaba ya wengine. Wafanyabiashara wakishuka kutoka Dar na Unguja, yeye ndiye aliyewapeleka mtaa wa Yide Lu kwenye midoli na madaftari, akasimama katikati ya mnunuzi na mwenye duka, na kila neno lililotoka huku likafika kule limelainika. Mwenye duka akifoka kwamba bei hiyo ni ya wendawazimu, mnunuzi aliambiwa, "Laoban anasema atafikiria." Mnunuzi akitukana, laoban, yaani bosi, aliambiwa mgeni ameipenda sana mali yake. Watu wakaelewana, kontena likajaa, kila mmoja akaenda zake ameridhika. Mtindo huo ulimlisha vizuri. Ndio pia uliomfikisha Jumapili ile ya mwisho wa Oktoba kwenye treni ya chini ya ardhi, ameketi kando ya mke wa rafiki yake, wanakwenda kumsubiri rafiki ambaye Maulid alikwisha kumzika.

Mwanahija hakujua. Tuliseme mapema, mtu asije akadhani kuna mafumbo hapa: Sufian, mume wake, alifariki mwanzoni mwa Ramadhani, na Maulid mwenyewe ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Lakini kwa habari alizokuwa nazo Mwanahija kule Pangani, Sufian alikuwa mzima wa afya, kazi zimemzidi, mtandao unamsumbua, na kila mwisho wa mwezi anampelekea picha moja, amesimama chini ya roketi nyeupe, shati safi, meno yote nje.

Picha zilitoka wapi? Hapo ndipo penye kisa.

Sufian aliishiwa viza akabaki. Miaka miwili alifanya kazi ya kufunga mizigo kwenye stoo moja, anaishi roho mkononi, akiona sare ya askari mbele anavuka barabara. Februari ya mwaka ule akachoka. Alimwambia Maulid, "Nakwenda kujisalimisha. Watanifunga wiki kadhaa, pengine miezi, halafu watanipakia ndege nirudi kwangu. Nimechoka kuishi kama panya." Sasa, watu wa aina yake wana utaratibu wao. Mtu akijisalimisha hunyang'anywa simu, na nyumbani wakikosa habari zake wanaweza kufa kwa presha. Kwa hiyo kabla ya kwenda, huchagua mahali pazuri, akapiga picha nyingi siku moja kwa mashati tofauti, akamwachia simu mtu anayemwamini atume moja moja mpaka atoke. Wenyewe huziita picha za akiba.

Wao walichagua uwanja wa maroketi, nje kidogo ya mji, ambako roketi za zamani zimesimamishwa juani watu wazitazame. Kuingia ni bure, Jumapili pamejaa familia, na hakuna anayekuuliza pasi. Walibeba mashati manane kwenye mfuko wa plastiki, matatu ya Sufian na matano ya Maulid. Sufian alikuwa anabadilisha nyuma ya injini kubwa iliyolazwa chini, anatoka anafunga vifungo, anasimama palepale, na Maulid anapiga. Walicheka sana siku ile. Kwenye shati la tano Sufian alisema, "Huyu sasa ni mimi wa mwezi wa saba, nimenenepa kidogo," akajaza mashavu hewa.

Siku tisa baadaye, kabla hajaenda kujisalimisha, pumu ilimbana. Ilikuwa pumu yake ya tangu utotoni, na unyevu wa msimu ule ulikuwa umelowesha hata kuta za vyumba. Maulid alitaka kumpeleka hospitali, Sufian akakataa, akasema huko wataanza na pasi kabla ya kifua, yeye atasubiri mpaka afike kwao. Walibishana usiku kucha. Alfajiri, Maulid alipoamua kuita gari la wagonjwa kwa nguvu, hakukuwa tena na mtu wa kubishana naye.

Kwenye karatasi za maiti palihitajika ndugu. Maulid akasema, "Mimi ndiye ndugu yake," akatia sahihi. Kwa sahihi ile, kazi ya kupeleka habari nyumbani ikawa yake peke yake, na watu wote wakajua ni yake. Makaburini Ami Haidar, mtu mzima wa Kitanzania anayesikilizwa na wote pale mjini, alimshika bega akamuuliza, "Nyumbani wameshajua?"

"Wameshajua," Maulid akajibu.

Alikuwa amekusudia wajue ndani ya saa moja. Alirudi chumbani, akaiwasha simu ya Sufian atafute namba ya mzee yeyote wa familia, maana habari kama ile hapigiwi mke. Huambiwa mtu mzima, naye akakusanya watu, ndipo mke akaelezwa akiwa ameshikwa huku na huku. Namba ya mzee hakuipata. Alichokipata ni ujumbe wa Mwanahija: "Mume wangu umefuturu nini? Nimeota vibaya juu yako. Nitumie picha tu nikuone, moyo utulie."

Akamtumia shati la kwanza. Aliona ampe mwanamke usiku mmoja wa usingizi, kesho atafute namba. Jibu likaja: "Alhamdulillahi. Sasa nitalala." Kesho ilipofika, ilibidi amwambie kifo cha mtu aliyemwona jana anacheka, na Maulid hakuweza. Kesho kutwa ikawa ngumu kuliko kesho. Kuna watu wanaosema uongo kwa ubaya, hao wana nafuu, wanajua waache lini. Huyu wetu alidanganya kwa huruma, na huruma haikumpa siku ya kuacha.

Miezi saba ilipita hivyo. Maulid alikuwa anajibu salamu, anaulizia mvua, anatuma na matumizi kutoka mfukoni mwake. Akiombwa sauti, anasema maiki ya simu imekufa. Na tusimfiche: alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na tatu, aliyeachana na mkewe zamani, ambaye hakuna mtu duniani aliyekuwa akimuuliza kama amekula. Ikafika mahali jioni akirudi kazini anaiendea ile simu kabla hata hajavua viatu. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na yeye mwenyewe akilikaribia katika mawazo yake alikuwa anageuka haraka.

Mashati saba yalikwisha kwenda. Lilibaki moja, la buluu lenye mistari, alipopata ujumbe kwamba Mwanahija amejiunga na akina mama wa Tanga wanaokuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapohapo Guangzhou, viza anayo, tiketi anayo, na mume wake asihangaike kumpokea kama ana kazi. Maulid alikaa kitandani na simu ile mkononi mpaka miguu ikafa ganzi.

Alimpokea yeye. Alimwambia kwamba Sufian yuko mji wa Yiwu, mbali sana, anasimamia mzigo, na simu imeharibika. Mwanahija alivumilia siku tatu. Jumapili asubuhi akamkuta Maulid kwenye ukumbi wa chini wa hoteli, buibui jipya, hina mbichi mikononi, anafuka harufu ya udi, amebeba kopo la visheti alivyokaanga mwenyewe Pangani.

"Shemeji," alisema, "nipeleke kwenye yale maroketi."

"Kuna nini kule, shemeji? Ni vyuma tu."

"Kila mwisho wa mwezi yuko pale. Huu ni mwisho wa mwezi. Kama yuko Yiwu, atarudi kupiga picha yake, hajawahi kukosa hata mwezi mmoja. Nitakaa pale mpaka aje. Na wewe usimwambie, nataka nimshtue."

Maulid aliinua mkoba wake wakatoka. Ndani ya mkoba ilikuwemo simu ya Sufian, imezimwa. Alikuwa ameapa usiku kwamba leo ataikabidhi.

Alipanga amwambie kwenye treni. Lakini palikuwa na watu wamesimama wamewainamia, mtoto wa Kichina anamkodolea macho Mwanahija na hina yake, na Mwanahija anamchekea. Akasema atamwambia getini. Getini Mwanahija aliona ncha ya roketi imechomoza juu ya miti, akaanza kutembea haraka, karibu kukimbia, akamwacha nyuma. Maulid alimfuata. Alitamani treni ingekuwa imeharibika njiani, alitamani mvua, alitamani hata askari amsimamishe amwombe pasi.

Uwanja wenyewe ni mpana, umesakafiwa, na roketi saba za zamani zimesimama mstari mmoja, ndefu kuliko misikiti ya kwetu, rangi imeanza kubabuka kwenye viungo. Chini yake zimelazwa injini, midomo wazi. Pembeni, juu ya meza ya zege, kimewekwa chombo cha kurudishia watu kutoka angani, kidogo, cheusi, ngozi yake imeungua kama chungu cha kupikia kuni. Watoto walikuwa wanapanga foleni kuchungulia ndani.

Mwanahija naye akachungulia. "Humu alikaa mtu?"

"Chombo kama hiki ndicho wanachorudi nacho."

"Akashuka mzima?"

"Wanashuka wazima, shemeji."

"Basi huko mbinguni watu wanarudi," akasema, "wangu yuko Yiwu hawezi kurudi? Yiwu ni mbali kuliko huko?" Alikuwa anatania. Maulid alicheka naye.

Roketi ya picha ilikuwa ya tatu. Mwanahija aliijua tangu mbali kwa ule mstari mwekundu tumboni. Kulikuwa na benchi mbele yake, akaketi katikati, akaliweka kopo la visheti pembeni, akauweka vizuri mtandio wake. Kila alipotokea mwanamume mweusi upande wa geti, Mwanahija aliinuka nusu. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi na vitabu vyake. Wa pili alikuwa Mkongomani mmoja na familia yake, akawasalimu kwa Kifaransa, wakapita. Kila akiinuka na kukaa tena, Maulid alijiambia, sasa. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akauliza kama anataka maji. Mara ya pili akamweleza kwamba roketi hizi hazina kitu ndani, ni maganda, zimetolewa mafuta na mashine zamani.

"Hajakonda?" Mwanahija akauliza ghafla.

"Nani?"

"We shemeji! Nani mwingine?"

"Hajakonda," Maulid akasema.

Akaona macho ya yule mwanamke yametulia kwa furaha, akajua kwamba kama kuna moto wa watu waongo, yeye ana mahali pake pamefagiwa.

Saa mbili zilipita. Jua liliwahamia. Mwanahija akatoa simu yake, akazifungua picha zote saba, akawa anazipitisha kwa kidole, ananyanyua macho kwenye roketi, anarudisha kwenye simu. Mwanzoni alikuwa anatabasamu. Halafu akaacha. Alirudi ya kwanza, akaenda ya mwisho, akarudi ya katikati.

"Shemeji. Mti huu ni mti gani?"

Kando ya roketi palikuwa na mti mkubwa, shina lina miiba, matawi yamekwenda upande kama mikono. Ulikuwa umejaa majani, kijani kitupu.

"Ni kama msufi wetu," Maulid akasema. "Ila wa hapa maua yake mekundu."

"Kwetu Pangani uko msufi nyuma ya nyumba yangu. Unapukutisha majani, unachanua, halafu maua yanakwisha, ni mara moja kwa mwaka." Aliinua simu. "Hapa Aprili una maua, hauna jani hata moja. Hapa Juni, una maua. Hapa Agosti. Hapa Septemba. Hiyo ni mwezi uliopita, shemeji. Na leo una majani ya kutosha kulisha mbuzi."

Mashati waliyapanga kwa uangalifu mkubwa, wakabadilisha mpaka saa ya mkononi. Mti ulikuwa nyuma yao, mwekundu tangu chini mpaka juu, na hakuna hata mmoja wao aliyeufikiria.

"Miti ya huku," Maulid akasema, "inachanua ovyo. Hali ya hewa..."

Mwanahija hakumsubiri amalize. Alikuwa ameshamwona mlinzi wa uwanja, mzee wa Kichina mwenye kofia ya majani, anafagia karibu na injini. Akamwita kwa mkono, akamwonesha mti, akamwonesha maua kwenye picha, akageuka kwa Maulid. "Muulize huchanua lini."

Maulid aliuliza. Angeweza kuuliza kitu kingine, na nakuhakikishia alifikiria hivyo, lakini ulimi ulikuwa umechoka. Yule mzee alijibu maneno mawili, na kwa kuwa alikuwa anazungumza na wageni, akanyoosha na vidole vitatu, akavitikisa hewani: mwezi wa tatu. Halafu akaiangalia picha vizuri. Uso wake ukafunguka. Akamnyooshea kidole Sufian, akacheka, akaanza kujifungua vifungo vya hewani kifuani, akajifanya anavua shati, anavaa jingine, anavua, anavaa, akaonesha kule nyuma ya injini. Akamtazama Maulid, akamwelekezea kidole na yeye, akafanya mkono wa kupiga picha. Alikuwa amefurahi kweli kuwakumbuka. Mwishowe akauliza swali fupi.

"Anasema..." Maulid akaanza.

"Usinifasirie," Mwanahija alisema. "Nimemwona. Hilo la mwisho tu ndilo sikulijua. Kauliza nini?"

"Kauliza yule mwenzangu yuko wapi."

"Na mimi nauliza hilohilo."

Mzee wa watu aliwatazama mmoja mmoja, akaona kuna jambo, akachukua fagio lake akaondoka. Mwanahija aliketi kwenye benchi. Hakupandisha sauti. Alianza kusema taratibu, kama mtu anayemsaidia mwingine kukumbuka.

"Mlipiga siku moja. Mwezi wa tatu. Basi kakamatwa. Yuko jela, sivyo? Aliniambia zamani kuwa viza yake ina matatizo, akadhani sikuelewa. Mkaona msinitie hofu. Si ndiyo? Jela si kitu, Maulid. Wanaume wangapi wamefungwa wakatoka. Mimi nitamsubiri. Kama ni miaka mitatu, miaka mitano, nitamsubiri. Sema yuko jela." Alimshika kiwiko cha shati. "Nakuomba. Sema tu yuko jela."

Ilikuwa inakuja yenyewe mdomoni. Jela. Neno moja, na mwanamke huyu angerudi Pangani na kitu cha kusubiri, na simu ingeendelea kuita jioni, na lile shati la buluu lingepata mwezi wake. Maulid aliliona kabisa lilivyo rahisi. Aliona pia miaka mitano yote mbele yake, na yeye ndani yake anaandika. Akashika ukingo wa benchi.

"Hayuko jela, Mwanahija," alisema. "Sufian amefariki. Ni pumu. Nilimwosha mimi, nikamzika mimi, kwenye makaburi ya Waislamu, na watu walikuwepo, aliswaliwa vizuri. Yaliyobaki yote ni uongo wangu. Kila ulichokisoma baada ya hapo ni mimi."

Mwanahija alikiachia kiwiko. Alisema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun," mara tatu, sauti haina machozi. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga mbele ya roketi ya pili wakiimba hesabu ya kurusha, kumi, tisa, nane, mwalimu wao anapiga picha. Walipofika mwisho waliruka wote kwa kelele. Mwanahija aliwatazama mpaka wakaondoka.

"Niliyokuwa nikimwandikia," alisema. "Yale ya usiku. Yale ambayo mtu humwandikia mume wake tu. Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Yote?"

"Yote."

"Na ukajibu."

Maulid aliinamisha kichwa. Alitaka ardhi immeze, na si kwa kusema tu: aliitazama sakafu ile kwa hamu. Alifungua mkoba, akaitoa simu ya Sufian, akaiweka kwenye benchi karibu na kopo. Mwanahija hakuigusa.

"Alikufa lini? Nitajie siku. Si mwezi wa kizungu, nitajie mwezi wetu."

"Mwezi tatu Ramadhani, siku ya tatu ya mfungo. Alfajiri, wakati watu wanamaliza daku."

Basi akaanza kuhesabu. Alifungua kiganja chenye hina, akakunja kidole cha kwanza. "Mwezi tatu Ramadhani, mpaka mwezi tatu Mfunguo Mosi." Akakunja cha pili. "Mfunguo Pili." Cha tatu. "Mfunguo Tatu." Cha nne. "Mwezi tatu Mfunguo Nne." Midomo ikaongeza kimyakimya siku kumi. Maulid alielewa anachohesabu alipofika kidole cha pili, na hapo ndipo alipoona alichokifanya. Miezi saba alikuwa anaogopa kumpa mwanamke huyu msiba. Haikumpitikia hata siku moja kwamba msiba ulikuwa haki yake, na kwamba haki hiyo ina tarehe yake ya mwisho.

"Mwezi kumi na tatu Mfunguo Nne," Mwanahija alisema. "Sasa tumo Mfunguo Saba. Eda yangu imekwisha, Maulid. Imeanza na imekwisha, miezi minne na siku kumi za mjane."

"Shemeji..."

"Idi nilivaa nguo mpya nikakupigia picha. Mfunguo Tatu nilikuwa kwenye harusi, hina mpaka magotini, nacheza, nacheka, mume wangu ana miezi mitatu kaburini. Watu wa Pangani wameniona. Mjane wa eda, amejifukiza, anacheza." Aliviangalia vidole vyake vilivyokunjwa, hakuvikunjua. "Hata kama ningejua siku moja kabla haijaisha, ningeikaa siku hiyo moja. Ningefunga mlango, ningevua hina hii, wangekuja kunishika mkono. Nikirudi sasa nitafunga mlango wa nini? Sheria inasema niko huru. Tangu Mfunguo Nne mtu yeyote angeweza kuja kuniposa, na ilikuwa halali. Na mimi nilikuwa nakuandikia wewe, mume wangu umekula."

Maulid alilia. Alilia waziwazi, mbele ya familia za watu zilizokuja kutazama roketi, akasema nisamehe, akasema nilikuwa nataka upate usingizi. Mwanahija alimwacha aseme mpaka akanyamaza.

Halafu akainuka. Alilichukua kopo la visheti, akaiacha ile simu palepale kwenye benchi.

"Nipeleke kaburini," alisema. "Tembea mbele, na njiani usinisemeshe. Tukifika nioneshe lilipo, halafu uondoke. Nina siku nne mpaka ndege yangu. Hizo ndizo nitakazokaa eda."